Toleo la Tatu, Baada ya Idi

Matatu ikibandika nauli kwenye kioo cha mbele, usidhani kioo kitakutetea mvua ikinyesha. Makanga atataka mara mbili, nawe utalipa. Lugha ya Python ina tabia hiyo hiyo. Tangu toleo la 3.5 la mwaka 2015, mwandishi wa programu anaweza kutangaza rasmi kwamba hapa inaingia namba, pale maneno. Kisha Python yenyewe inapokea chochote kinacholetwa. Ndiyo maana zipo maktaba za kukagua aina za data programu inapoendeshwa: Typeguard, Beartype, Pydantic. Yetu ni ndogo, huria, ya bure, na watunzaji wake ni watatu: mmoja Kisauni, mmoja Changamwe, mimi Likoni.

Anayeijua Mombasa ameshacheka. Sote twakaa bara, lakini tukitaka kuonana lazima tuingie kisiwani: mimi kwa feri, huyu kwa daraja la Nyali, yule kwa Makupa. Kikao cha kupanga toleo jipya kikaitishwa kwenye kibanda cha mahamri ng'ambo ya feri. Ajenda ngumu tuliimaliza chai haijapoa: Python 3.14 ya Oktoba 2025 imebadilisha namna matangazo ya aina yanavyosomwa, na 3.9 imestaafu mwezi huo huo. Tukakubaliana.

Kilichotukwamisha ni shilingi moja.

Kuna chama huko Magongo kinachoweka hesabu zake kwa programu inayotumia maktaba yetu. Fomu ilipaswa kupeleka kiasi cha mchango; ikapeleka thamani ya Kweli (True). Na Python, tangu zamani, huihesabu Kweli kuwa namba 1. Mkaguzi wetu akatazama, akaona namba, akafungua mlango; mchango ukaandikwa shilingi moja. Mama mweka hazina akapiga simu: "Mwanangu, elfu mbili za watu mumezifanyani?"

Wa Kisauni akasema hiyo ni kasoro, irekebishwe kimya kimya katika toleo letu la 2.4. Wa Changamwe akaruka: kuna watu programu zao zinaishi kwa kasoro hiyo, na kwa desturi ya matoleo ukivunja programu za watu namba ya kwanza hupanda. Akakumbusha Pydantic ilivyotoa toleo la 2 mwaka 2023, watu wakalazimika kuandika upya sehemu za kazi zao. Mimi nilikuwa upande wa Changamwe, japo kwa sababu moja tu: namba 3.0 inapendeza.

"Wanangu," mama wa kibanda akauliza, "mwaongeza chai, ama mwahesabu moja mpaka magharibi?"

Tukapitisha 3.0. Tarehe ikaandikwa na sisi wenyewe, mabingwa wa ukaguzi: "baada ya Idi". Idi ipi, hakuna aliyeuliza, na Idi ndogo imeshapita.

Kwa hiyo, ndugu mweka hazina unayesoma haya, kwa sasa andika kiasi kwa tarakimu.