Heri Mwenye Subaru Kuukuu

Nchi hii imejaa watu wanaoendesha magari yasiyoharibika, nao ni watu wa kuhurumiwa. Mwenye Probox huamka, huwasha, huenda, hurudi. Jioni hana la kusimulia. Fundi humwona siku ya kubadilisha oili tu, na hata siku hiyo wanazungumzia mpira. Miaka kumi inapita na bado hajui difu iko wapi. Mtu wa namna hiyo huzeeka bila ujuzi na bila marafiki wa maana. Tiba yake naijua: stesheni wagoni ya Subaru, ya mkono wa tatu, inayovutwa na magurudumu yote manne. Legacy hasa. Outback ikipatikana ni baraka, na Forester inaruhusiwa kwa wenye mgongo mbaya.

Anayesifiwa hutajiwa nasaba, basi na tuitaje. Injini yake ya kulala ilianza na Subaru 1000 mwaka 1966. Miaka michache baadaye kampuni ya umeme ya Tohoku, kaskazini mwa Japani, ilichoka kuwapeleka mafundi wake milimani kwenye theluji kwa jipu zinazowatikisa mifupa, ikaomba gari la kawaida lenye nguvu mbele na nyuma. Mwaka 1972 ikatoka Leone Estate Van. Kwa hiyo ukoo huu asili yake ni watu waliokwama porini wamebeba spana, na hadi leo haujaisaliti asili hiyo. Nembo yake ina nyota sita za Kilimia, zile zile ambazo wakulima walizitazama kujua mvua imekaribia. Mwenye Subaru naye hutazama juu mara nyingi, hasa akiwa amelala chali chini ya gari.

Elimu huanza kabla gari halijawa lako. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, hivyo linaloshuka melini Mombasa huwa bado kijana na bei yake ni ya kijana. Linakuja na karatasi ya mnada wa Japani, na ukikaa nayo jioni moja unakuwa msomi: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mawimbi ya bati lililonyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa kizima, na herufi R mahali pa alama ya jumla inakuambia kwa adabu kwamba gari hili liligongwa likatengenezwa. Mjapani anamwandikia mnunuzi asiyemjua hadi tundu la sigara kwenye kiti. Lakini mpenzi wa kweli hana fedha za kununua gari la melini. Yeye hununua kwa broka, gari lililokwisha kufundwa na Wakenya watatu, na broka ana alama mbili tu: safi, na safi kabisa.

Ukiwasha, mama mpole anazungumza Kijapani. Abiria hudhani anasalimu. Kumbe anakukumbusha kwamba kadi ya kulipia barabara kuu haijachomekwa, na atakukumbusha Kitengela, atakukumbusha Kericho, kila asubuhi bila kuchoka. Redio nayo inaishia 90 wakati vituo vyetu vinapanda hadi 108, kwa hiyo usiponunua kile kifaa cha kuipandisha utaponywa karibu mabishano yote ya asubuhi. Unabaki unaisikiliza injini. Ndiyo sababu mwenye Subaru huwa wa kwanza kusikia kitu kikigonga, siku kadhaa kabla hakijagonga kwa haki.

Na injini hiyo ina mengi ya kusikilizwa. Pistoni zake hazikusimama, zimelala, mbili kulia na mbili kushoto. Mhandisi atakuambia faida yake ni kwamba uzito unakaa chini na gari halilali kwenye kona. Ni kweli, lakini hiyo ni faida ndogo. Faida kubwa ni kwamba kila kitu kimewekwa mahali pa kukuzuia usiwe na haraka. Katika magari mengi ukifungua boneti plagi zinakutazama usoni. Hapa zimegeukia ubavuni, zimebanwa na chesisi. Unatoa betri upande mmoja, unatoa mfereji wa hewa upande wa pili, kisha unaingiza mkono kwa imani. Plagi ya nyuma huondoka na ngozi kidogo ya kidole, na hakuna anayelalamika.

Kisha kuna harufu. Kwa kuwa hedi zimelala juu ya ekzosi, oili ikipenya kwenye kava hudondoka moja kwa moja kwenye bomba la moto. Mpira wa kiungo cha shafti ya mbele ukipasuka, grisi hurukia mahali hapo hapo. Maji ya rejeta yakivuja yana utamu fulani puani ambao ukiushika mara moja huusahau. Baada ya mwaka mmoja pua ya mwenye gari imeelimika kiasi kwamba akisimama kwenye taa za barabarani anaweza kumwambia dereva wa gari la pembeni ni sili gani imekwisha. Huyu wa Probox ananusa nini? Manukato ya kuning'iniza kwenye kioo.

Kilele cha masomo ni gasketi ya hedi. Kwenye zile injini za lita 2.5 za mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, gasketi hii ilijipatia jina dunia nzima kwa kuvujisha maji au oili. Mafundi wengi huona afadhali kuing'oa injini nzima kuliko kupapasa ndani ya boneti, na hapo ndipo gari linapoonyesha ukarimu wake kwa jamii. Injini inaning'inia kwenye mnyororo, mtaa unakusanyika. Muuza chai anasogeza birika. Watu ambao hamkuwahi kuamkiana wanakupa pole na maoni. Kijana aliyekuja kuuliza bei ya betri anabaki hadi jioni akishika tochi. Fundi anapangusa mikono kwa kitambaa kilicho kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Bosi, hii gari ni nzuri sana. Ni gasketi tu."

"Basi nunua gasketi."

"Sawa, bosi. Na kwa vile injini iko nje, tubadilishe taimingi belti. Na pulei zake. Na pampu ya maji, maana iko nyuma ya hiyo belti. Na sili za oili. Si ni vizuri tumalize mara moja?"

Ana haki kabisa, hilo ndilo linalouma. Belti hiyo ina kikomo chake, kwa kawaida kama kilomita 100,000, na ikikatika kwenye injini nyingi za aina hii valvu hukutana na pistoni. Gereji za Japani hubandika kistika chini ya boneti kuonyesha ilibadilishwa lini. Ukikikuta, kibusu. Usipokikuta, teremka kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road na uwe na subira, kwa sababu utaulizwa namba ya injini, namba ya chesisi, na kama unataka mpya au ya kutoka Japani, yaani iliyotumika kule badala ya kutumika hapa.

Nisiyasahau matairi, maana ndiyo yanayomfundisha mtu haki. Mfumo wa magurudumu manne unataka yote yazunguke sawa. Kampuni yenyewe hushauri tofauti ya mzingo isizidi takriban robo inchi. Tairi moja jipya katikati ya matatu yaliyolika ni kubwa kidogo, linazunguka polepole kuliko wenzake, na kile kifaa cha katikati kinachogawa nguvu hudhani gari linateleza saa zote. Kinafanya kazi bila kupumzika, kinapata joto, kinakufa. Kwa hiyo msumari mmoja wa fundi seremala unaweza kukununulia matairi manne. Mzazi mwenye watoto wanne hahitaji maelezo zaidi: mmoja akipata viatu vipya, nyumba hailali.

Watengenezaji waliona mbali. Kwenye automatiki za zamani kuna tundu dogo la fyuzi lililoandikwa FWD. Ukichomeka fyuzi, magurudumu ya nyuma yanapumzishwa na unaweza kujikokota na tairi la akiba hadi mjini. Mwenye gari aliyefundishika huiweka fyuzi hiyo kwenye pochi pamoja na kitambulisho. Wapo wanaoiacha tunduni mwaka mzima ili kubana mafuta: walitafuta gari la magurudumu manne, wakalilipia, wakalizima. Hao sina la kuwaambia.

Mtu atasema nasifu shida. Basi aje Kinangop mwezi wa nne, mvua ikiwa imenyesha siku tatu na udongo mweusi umegeuka gundi. Magari ya maana yamepangwa kando ya barabara na madereva wao wamevaa mifuko ya plastiki miguuni. Legacy inakuja na gunia la viazi nyuma na mama watatu wa chama, inayumba kidogo, inanguruma, inapita. Haikimbii. Inapita tu. Safari Rally imeshuhudia hayo: Colin McRae alishinda mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, wote na Impreza, na Patrick Njiru wetu aliifikisha mwisho Safari ya 1993 akiwa na Vivio, kigari cha injini ya 660cc. Tangu hapo kila anayeteremka Mai Mahiu na Subaru yoyote ana undugu na Njiru, hadi atakapokutana na polisi.

Lakini uwezo huu una matokeo. Gari likishajulikana kwamba hufika, ukoo mzima unakujua. Matanga ya milimani msimu wa mvua, simu ya kwanza ni yako. Buti ni refu, kwa hiyo hema ni lako, sufuria kubwa ni zako, na shangazi asiyeweza kukunja goti anapewa kiti cha mbele. Mwenye Probox naye alialikwa, ila alisema barabara ni mbaya na watu wakamwelewa. Wewe hakuna atakayekuelewa. Ndivyo gari hili linavyomrudisha mtu kwa watu wake, apende asipende, huku likimpitisha kwa fundi kwenda na kurudi.

Siku ya kuliuza hufika. Mwenyewe anaandika tangazo: halijawahi kugongwa, ni kununua na kuendesha. Mnunuzi anakuja na fundi wake. Fundi anainama chini ya boneti, ananusa, anakunja uso, na kabla hajafungua mdomo muuzaji anamwambia, "Hiyo ni kava ya kulia, si hedi." Fundi anainua kichwa kwa heshima mpya. Wanaanza mazungumzo ya gasketi za karatasi na za chuma, ya sili, ya namna ya kujaza maji polepole ili hewa isibaki ndani, na mnunuzi anasahauliwa kando na bahasha yake ya pesa.

"Sasa mzee," anasema hatimaye, "kama gari ni nzuri hivi, mbona unaiuza?"

"Nimepata ingine."

"Ya aina gani?"

"Legacy. Lakini hiyo iko na turbo."