Kivuko Kimewaponza

Tangu Rais Samia afungue daraja la Kigongo–Busisi, Juni 2025, kuna wanaume hapa Buzuruga wanaomboleza kimyakimya. Kilomita 3 za zege zimewanyima kisingizio.

Zamani ilikuwa rahisi. Bwana ameahidi kupeleka mahari Sengerema, ng’ambo ya ziwa, Jumamosi. Jumamosi yuko kwa mama lishe, kijiti mdomoni, sahani ya sato imebaki mifupa. Ukweni wakipiga simu, sauti inalegea: “Foleni ya kivuko, mama. Mipango ya Mungu hiyo, tumwachie Yeye.” Huko wanaitikia amina, huku ng’ombe wananenepa zizini. (Imani ya namna hii, nimeona, haimpati mtu siku ya kupokea mshahara.)

Sasa ziwa linavukwa kwa dakika chache, hata usiku wa manane. Juzi mmoja wao kaulizwa yuko wapi, akakohoa, akadai ameoteshwa asisafiri.

“Basi tulia, baba,” akajibiwa na mama mkwe mtarajiwa. “Na binti naye Mungu kambadilishia mipango. Wageni wa Geita wako hapa sebuleni.”

Bodaboda waliomwona bwana akiondoka mbio wanasema hakudai hata chenji.