Binti Mfalme Kafika Ujiji, Kahawa Imepoa

Jana kijiweni kwetu Ujiji, chini ya mwembe, hata raundi moja ya drafti haikuisha. Kisa kitabu. Binti wa jirani, yuko likizo kutoka chuoni, alipita kakumbatia kitabu kinene, jaladani msichana ameshika upanga, nywele zinapepea utadhani kasimama Kibirizi siku ya upepo wa ziwani. Mzee mmoja, fundi baiskeli mstaafu, akamwita.

"Mjukuu wangu, huyo naye kagombana na nani?"

"Shikamoo Babu. Na baba yake mdogo. Kamuua mfalme, akamfungia binti mnarani miaka saba. Sasa binti kagundua vidole vyake vinatoa moto, na mlinzi kampenda. Huko mbele atakirudisha kiti cha baba yake."

Fundi akasonya. Msonyo wa fundi huanzia meno ya nyuma, huzunguka mdomo mzima, ndipo utoke. "Moto vidoleni! Angekuwa hapa tusingenunua mkaa."

Mimi nilimtetea binti. Kusoma kurasa mia nne likizoni, wakati wenzake wanaumaliza mchana kwenye simu, si dhambi. Muuza migebuka naye akaingia kati, ila yeye kwa wivu wa kwao, maana ni Muha wa Kasulu. Akataka kujua kwa nini tuagize binti mfalme kutoka nje wakati Heru tulikuwa naye. Na kweli tulikuwa naye. Theresa Ntare alikalia kiti cha umwami wa Heru miaka ya 1940, mwanamke, nchi ikiwa mikononi mwa Waingereza, na wanaume wazima wakimsujudia. Hakufungiwa mnarani. Uhuru ulipokuja serikali ikaufuta uchifu, kiti kikaondoka kwa karatasi na muhuri. Upanga hapo ungefanya nini?

"Basi huyo si mateka," fundi akamkatisha. "Mtoto anasema mateka."

Mateka nikawapa mimi, nisionekane nimekalia benchi bure. Mwana Fatuma, malkia wa Unguja. Waomani walipoizingira Ngome ya Yesu kule Mombasa, kuanzia 1696 mpaka 1698, yeye alikuwa upande wa Wareno na aliwapelekea chakula. Wareno wakashindwa. Malkia akapakiwa chomboni mpaka Maskati, akakaa huko miaka kama kumi, kisha akaruhusiwa kurudi Unguja. Mwandishi wa kile kitabu kinene angekatia hapo: ngoma, vigelegele, mlinzi anaoa. Lakini Waomani walikuwa wamekwisha kujijengea ngome pale pale ufukweni. Malkia anarudi, jirani yake ni mzinga. Je, alikirudisha kiti, au alirudishwa yeye kitini kama mto wa kochi? Hilo tulibishana mpaka kahawa ikapoa, na muuza kahawa akatusonya sisi sote kwa mkupuo mmoja.

Binti alikuwa kasimama tu, kidole ndani ya ukurasa. Akauliza, kwa adabu kabisa: "Sasa wale mateka wa hapa Ujiji, wao nani kawaandikia kitabu?"

Jamani. Wageni wakija makumbusho yetu huonyeshwa sanamu za Wazungu wawili waliokutana hapa mwaka 1871, kila mmoja na kofia yake, kama vile mji mzima ulijengwa ili wapate mahali pa kusalimiana. Mateka wa biashara ya utumwa waliovushwa ziwa kutoka Manyema hawana sanamu ya kofia. Wengi walikuwa wanawake na watoto, mabinti wa wakulima na wavuvi. Kutoka hapa mpaka Bagamoyo ni kilomita zaidi ya 1,000, kwa miguu, na wengine hawakufika mbali hivyo kwa sababu walibakizwa hapa hapa: kulima, kubeba, kupika, kuzaa.

Ugomvi wangu na riwaya za namna ile uko hapo, wala si kwenye ule moto. Humo mateka lazima awe wa damu ya kifalme ndipo kufungwa kwake kuwe dhuluma. Wapishi wa ule mnara, wao ni mateka wa nani? Mnara unabomoka ukurasa wa mwisho, binti anavaa taji, na wapishi wanaendelea kupika, safari hii kwa ajili yake.

Wa Ujiji hawakuwa na kiti cha kurudia. Walichokwapua ni neno. Muungwana maana yake mtu huru, asiye mtumwa. Sasa watu walioingia mji huu na kamba shingoni, na watoto wao, wakaanza kujiita waungwana. Wakavaa kanzu, wakakishika Kiswahili, wakaingia msikitini. Nina hakika wenye kujiona walisonya. Wao wakaendelea. Leo mwambie Mmanyema wa Ujiji kwamba yeye ni mgeni hapa uone utakavyotoka kijiweni! Mpaka Kariakoo, Dar es Salaam, kuna msikiti unaitwa kwa jina lao.

Na si habari za kale sana. Utumwa Tanganyika ulifutwa kisheria mwaka 1922. Mzee wa miaka themanini leo, bibi yake anaweza kuwa alikuwa mali ya mtu.

Nilisema hayo nikitazama ubao wa drafti. Fundi akaweka kikombe chini.

"Bibi yangu mzaa baba alivushwa akiwa mdogo," akasema. "Hapa walimwita Zawadi. Si jina alilopewa na mama yake. Alitolewa zawadi, ndiyo maana."

Binti akauliza jina la kwao lilikuwa nani.

"Alilitaja mara moja. Ana homa, karibu na kufa kwake, analirudia rudia. Mimi mtoto, nacheza gololi pale mlangoni. Nilisikia, mjukuu wangu. Sikulishika."

Bodaboda mbili zikapita kwenda Mwanga. Kijiwe kizima hakikuwa na wa kusonya.