Shangazi Ampea: Gari Linanizimia Sakafuni

Shikamoo Shangazi. Nimeunda gari la roboti lenye zile mota mbili za njano, bodi ya Arduino Uno na draiva ya L298N. Nimelinunulia betri mpya ya volti 9. Nikilishika mkononi, magurudumu yanazunguka vizuri tu. Nikiliweka chini linashtuka, taa inazima, kisha linaanza upya kana kwamba halinijui. Nimekosea wapi? — Niliyeachwa Sakafuni, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Ulipenda cheo, hukuuliza kipato. Volti 9 ni cheo. Kipato ni ampea, na hapo mchumba wako ni fukara.

Betri hiyo ya mstatili huwekwa kwenye multimita na maikrofoni za washehereshaji, kazi za miliampea chache. Ndani yake mna seli sita ndogo za volti 1.5 zilizofungwa kwa mfululizo, na ukinzani wake wa ndani hufika omu 1.5 hivi. Mota ya njano ikiwa hewani hula kidogo sana. Ikiwa imesimama na inatakiwa kuanza kusukuma mzigo, hudai karibu ampea moja. Mota mbili, ampea mbili. Zidisha kwa omu 1.5, volti 3 zimeishia ndani ya betri kabla ya kutoka nje. Draiva yako, ya transista za mtindo wa zamani, nayo inakata volti 2 au zaidi na kuzigeuza joto. Gusa kile kipande cheusi cha kupozea, utaamini. Kwa hiyo mota zinabakiwa na volti 4 hivi, na Uno, ambayo kwenye tundu lake la duara inashauriwa ipewe angalau 7, imeachiwa 6 zinazozidi kuporomoka. Bodi inazimia, mota zinaacha kuvuta, volti zinapanda, bodi inazinduka, inaamuru "mbele", na ugomvi unaanza upya.

Achana na betri hiyo. Chukua seli mbili za lithiamu za 18650, uzifunge kwa mfululizo: volti 7.4, au 8.4 zikijaa. Toa 2 za draiva, mota zinapata 5 na ushee, nazo zimetengenezwa kwa 3 hadi 6. Siku seli zimejaa pomoni, punguza kasi kidogo kwenye programu. Kama lithiamu inakutisha, betri sita za kuchaji za AA, ukubwa wa zile za saa ya ukutani, zitakupa 7.2 na ampea za kutosha. Ukiwa na nne tu, badilisha draiva: DRV8833 haipotezi volti nyingi hivyo.

Shangazi, nimewatenganisha. Mota zina betri zao, Arduino ina pawabenki. Sasa mota hazisikii amri, au zinageuka zinavyotaka. Halafu pawabenki inajizima yenyewe! — Mpatanishi Aliyeshindwa, Mombasa

Kuwatengea vyungu umefanya vema, ila umewakatia na mazungumzo. Volti hupimwa kati ya nukta mbili. Bila nukta ya pamoja, draiva haina pa kupimia amri ya Arduino. Unganisha hasi ya betri za mota na GND ya Arduino kwa waya mmoja. Hasi kwa hasi, basi. Chanya zisikutane kabisa.

Pawabenki nyingi hujizima zikidhani hakuna simu inayochajiwa, kwa sababu Uno peke yake hula miliampea 50 hivi. Tafuta yenye hali ya chaji ndogo, ile ya kuchajia saa za mkononi.

Shangazi, nimeuziwa seli za 18650 zilizoandikwa mAh 9900 kwa bei ya kutupa. Gari halimalizi hata robo saa. Muuzaji anasema nisubiri zizoee. — Mvumilivu, Nairobi

Zizoee nini? 18650 nzuri hubeba kati ya mAh 2500 na 3500, na uzito wake ni gramu 45 hivi. Iweke kwenye mizani ya jikoni. Ikiwa nyepesi mno, umejua. Rudisha, nunua inayosema ukweli. Hiyo nayo usiishushe chini ya volti 3, usiichaji kwa chaja isiyo ya lithiamu, na usiiweke mfuko mmoja na funguo: chuma kikigusa ncha zote mbili, suruali itaungua nawe ukiwa ndani.

Shangazi, vipi betri ya pikipiki? — Mwenye Haraka, Tanga

Volti 12 kwa mota za 6, kilo kadhaa juu ya kibao cha plastiki. Hapana.

Mnaotaka kuandika wiki ijayo, tajeni aina ya mota, aina ya draiva, na volti mlizopima gari likiwa linavuta, si likiwa limelala mezani. Barua isemayo "gari haliendi" bila kipimo sitaijibu.