Sifa za Mota Iuguayo

Washairi wa pwani wamekwisha kuusifu mnazi, jahazi na uzuri wa wapenzi wao, lakini sijasikia hata mmoja aliyeinua kalamu kuisifu mota ya pampu, ile ikaayo nyuma ya hoteli ya ufuoni katika kibanda cha mabati, ikiyapandisha maji ya bwawa la kuogelea hata juu ya majabali ya saruji ili yaporomoke tena mbele ya wageni kana kwamba yametoka mlimani. Dhuluma hiyo yanikera. Na mota ninayoikusudia si ile nzima, isiyokuwa na fadhila yoyote ila utii, bali ni ile iliyoanza kuugua.

Mota nzima humfundisha nani? Huzunguka karibu mara 2,850 kwa dakika, na mwenye mali hupitisha miaka asijue hata ilipo. Lakini siku swichi inapobonyezwa, nayo ikanguruma tu pasipo kuzunguka, hoteli nzima hugeuka kuwa madrasa. Ndipo hubainika kwamba umeme wa fezi moja, pamoja na haiba yake yote, hauwezi peke yake kuiamsha mota iliyosimama, kwa kuwa nguvu zake za sumaku huenda na kurudi mahali pamoja, hazijui kuume wala kushoto, mpaka zisaidiwe na kapasita, kile kikopo kidogo kilichofungwa mgongoni mwa mota, ambacho huutanguliza mkondo wa koili ya pili mbele ya mkondo wa koili ya kwanza, na kwa hila hiyo huipa rota mwelekeo wa kufuata. Tangu Nikola Tesla apewe hataza zake za mota za umeme geu huko Marekani mwaka 1888, elimu ya namna hii imelala vitabuni ikingoja wasomaji. Meneja wa hoteli huipata katika saa moja, akiwa amechutama katika tope, kwa hisani ya kapasita iliyovimba.

Tena ni mgonjwa mwenye ufasaha. Beringi zikikauka hupiga yowe jembamba lisikikalo hata chumba cha chakula. Mpira wa mfuniko wa kichujio ukipasuka, pampu hufyonza hewa, maji yakatoka kwa kukohoa. Koili zikiingiwa na maji, huangusha swichi kuu na kuwatia wote gizani, wasije wakasema hawakuarifiwa. Fundi akikata umeme na kuujaribu mhimili kwa mkono, jawabu hupatikana papo hapo: ukizunguka kwa wepesi, tuhuma humwelekea kapasita; ukigoma, basi beringi zimeshika au jani la mwarobaini limekwama katika impela. Kapasita nayo ina heshima yake, maana huweka akiba ya umeme hata baada ya swichi kuzimwa, na aishikaye kabla ya kuiondolea akiba hiyo hufunzwa adabu bila ya kusubiri.

Wako wanaoiita mvivu. Ni kweli kwamba ikipata joto kupita kadiri, kinga iliyofichwa ndani yake huukata umeme, nayo ikalala, kisha ikipoa huamka na kurudi kazini pasipo barua ya udhuru. Lakini na waulizwe hao wasemao ni nani aliyejenga kibanda kisicho dirisha, na ni nani aliyerundika magunia ya klorini mbele ya feni yake.

Juu ya ukarimu wake sina haja ya kurefusha maneno: humlisha fundi umeme, humlisha msuka koili, humlisha muuza beringi, na inaposimama ikinguruma, huvuta mkondo mara tano au sita ya kawaida yake bila ya kufanya kazi hata chembe, na kwa sifa hiyo imefanana na waheshimiwa wengi.

Katika hoteli moja niijuayo, fundi alitia beringi mpya, akashauri na sili ibadilishwe, yaani kile kizuizi cha mhimili kilindacho maji ya pampu yasiifikie mota. Mwenye mali akaona kwamba ni tamaa ya fundi, akakataa. Basi maji ya klorini yakaendelea kudondoka polepole juu ya mhimili, yakasaidiwa na upepo wa chumvi utokao baharini, yakazifikia beringi zile mpya, na kabla ya msimu wa wageni kwisha yowe likaanza upya, safari hii kwa sauti iliyokomaa zaidi. Fundi ameitwa tena. Amejibu kwa adabu kubwa kwamba atakuja, ila bei ya sili imepanda, na malipo anayataka mbele.