Uhalisi wa Kuungaunga
Waingereza wanaofufua pikipiki za zamani wana dini yao, na kafiri mkubwa ni yule anayebadilisha nati. Nati ya Triumph Bonneville ya 1959 sharti iwe ya kipimo cha wakati ule, kisichoelewana na spana za milimita. Weka ya kisasa uone: wazee wa klabu wataigundua upesi kuliko mama mkwe anavyogundua vumbi.

Injini ikivuja oili, hiyo ni haki yake. Inatandikiwa sinia kwa heshima zote. Isipovuja ndipo mwenyewe anapoingiwa na wasiwasi kwamba huenda oili imekwisha. Ila usiombe kufungua kifuniko cha mfumo wa umeme wa Lucas, ule wenye sifa ya kuzimika njiani, maana huenda ndani kumefichwa kifaa cha kisasa cha kielektroniki. Hata mcha Mungu hapendi kusukuma chuma usiku wa mvua.

Kiboko yao ni Triton. Vijana wa miaka ya 1960, wale wa kukimbizana kutoka mkahawa wa Ace Cafe, London, walipachika injini ya Triumph kwenye fremu ya Norton, na vipande vilivyozidi wakavitupa. Leo Triton ya enzi hizo inarudishwa "katika uhalisi wake". Bamba la injini lililokatwa kwa msumeno na kijana mwenye haraka zake linapimwa kwa kalipa, kisha linaigwa vilevile, upogo na yote. Na ole wako upendekeze kulinyoosha.