Ushamba wa Deep Sea

Pale Deep Sea, Tanga, mnada wa samaki bado una ushamba wake. Dalali anamwaga changu na kolekole chini, mchuuzi anainama, anafunua matamvua kuona kama ni mekundu, anabonyeza ubavu, ananusa (mtu mzima, hadharani!), ndipo anataja bei. Akiuziwa mbovu, kesho anamrudia dalali yuleyule kwa makelele.

Mnada wa mtandaoni umeondoa adha hiyo yote. Hakuna kunusa wala kelele: simu ya muuzaji haipatikani.

Mwenye haki apewe haki yake. Mtu wa Chumbageni, Tanga hiyohiyo, anakaa barazani, kahawa mkononi, akipandisha dau la gari lililoko Yokohama bila pasipoti. Picha inang'aa. Karatasi ya mnada imejaa Kijapani, ila kwenye kona kuna herufi R, yaani gari liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Muungwana haulizii maradhi ya zamani. Anatuma pesa, kisha anasubiri meli na ushuru wa uchakavu, ambao nao haukuwamo pichani.

Ukoo wa mnada huu wa mtandaoni ni wa heshima. Mwaka 1995, Pierre Omidyar alipoanzisha mnada ambao baadaye uliitwa eBay, miongoni mwa bidhaa za mwanzo kuuzwa ni kalamu ya leza iliyoharibika, kwa dola 14.83. Omidyar alitangaza wazi kuwa ni mbovu. Kasoro hiyo ya kiufundi wauzaji wa leo wameshaitengeneza.